Wazee wa Buha Wanadai, Hawaombi



Tumekuja kusema habari za watu wa namna tatu. Wa kwanza ni wazee waliokwisha kufanya kazi yao na nguvu zimewaishia. Wa pili ni wale wanaowatunza wazee hao, na wagonjwa, na yatima, majumbani mwao bila mshahara. Wa tatu ni wale wanaolinda vijiji vyetu usiku, yaani sungusungu na mgambo. Ndugu mmoja alituuliza njiani kwa nini tumewachanganya watu hawa. Hatukuwachanganya sisi. Ingia katika nyumba moja ya Heru Juu au Kifura, utawakuta wote pamoja: babu yumo kitandani, bibi anamuuguza huku anawapikia uji wajukuu, na kijana wa nyumba hiyo yuko kwenye zamu ya lindo. Wote watatu wanaifanyia nchi kazi, na jina la hata mmoja wao halimo katika daftari lo lote la malipo.

Tuanze na neno lenyewe, mstaafu. Kwa sheria ya nchi yetu mstaafu ni mtu aliyekuwa na mwajiri. Ni mwalimu, mganga, karani wa halmashauri, askari polisi, mtu wa kampuni. Huyu akifika miaka 55 aweza kuondoka kazini kwa hiari, akifika 60 aondoka kwa sheria, na kama amechangia miezi 180 apata pensheni mpaka siku ya kufa kwake. Ni jambo jema, wala hatusemi aondolewe.

Kwa miaka kadhaa sasa mmesikia kelele za kikokotoo. Mwaka 2018 mifuko minne, PSPF, PPF, LAPF na GEPF, iliunganishwa ikawa mfuko mmoja wa watumishi wa umma uitwao PSSSF, na NSSF ikaachiwa watu wa kampuni na waliojiajiri. Pamoja na hayo ikaja kanuni kwamba mstaafu apewe robo tu ya fedha zake kwa mkupuo, na zilizobaki apewe kidogo kidogo kila mwezi. Waliokuwa wakipewa nusu walikasirika, na sisi tuliosoma ualimu twajua sababu. Mwalimu amehamishwa huku na huku miaka thelathini, amepanga vyumba vya watu, na fedha ya mkupuo ndiyo nyumba yake ya kwanza. Tarehe 28 Desemba 2018 Rais Magufuli aliisimamisha kanuni ile. Julai 2022 ikaja kanuni ya asilimia 33, na katika bajeti ya Juni 2024 ikapandishwa: asilimia 40 kwa wale ambao zamani walipata nusu, na asilimia 35 kwa wale ambao zamani walipata robo.

Lakini angalieni, ndugu zangu. Watumishi walisikilizwa kwa sababu wana vyama vyao vya wafanyakazi, wana hati za mshahara, na magazeti huandika habari zao. Mkulima wa maharage wa Busunzu hana kikokotoo cha kulalamikia. Robo ya sifuri ni sifuri, na asilimia 40 ya sifuri ni sifuri vile vile.

Wapo watakaotujibu kwamba mkulima alijifanyia kazi mwenyewe shambani mwake, basi nchi haina deni lake. Watu wanaosema hivyo hawaijui Buha. Na tuwaeleze.

Waingereza walipoipokea nchi hii kutoka kwa Wabelgiji mwaka 1921 waliigeuza ghala ya watu. Kodi ya kichwa ilidaiwa kwa fedha, na fedha hapa ilikuwa adimu; ilikuwako Tanga katika mashamba ya mkonge. Basi mtu alikwenda. Hakufungwa kamba shingoni, lakini kodi ilikuwa kamba ya kutosha. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda ofisi yao ya kuandikisha watu, ile ambayo wazee waliokuwako wanaiita Silabu. Mtu wa Kasulu au Kibondo aliandikishwa, akapakiwa katika gari moshi la reli ya kati, na reli ilipokwisha akapakiwa katika lori. Kabla hajafika alikwisha kupewa namba, na kutokana na namba hiyo akapewa jina jipya: manamba. Nyumbani alikuwa na jina la baba yake na la ukoo wake. Kule alikuwa namba.

Wazee wanaikumbuka kipande. Ilikuwa ni kadi ya siku thelathini za kazi. Siku uliyokata idadi yako ya mizigo ilitiwa alama, na siku uliyougua haikutiwa kitu, ikawa kama hukuwako duniani. Mkonge una mwiba mkali katika ncha ya kila jani, na utomvu wake huwasha ngozi. Mtu aliingia shambani alfajiri na kutoka jua likiwa kali, na mnyapara juu yake. Alipomaliza mkataba alirudi Buha na blanketi, sanduku la bati, na mara nyingine kikohozi ambacho hakikumwacha tena.

Sasa sikilizeni mkonge huo ulifanya nini. Tulipopata Uhuru tarehe 9 Desemba 1961, hapakuwa na zao lililoiletea Tanganyika fedha za kigeni kuupita mkonge. Mwaka 1964 nchi ilitoa zaidi ya tani 200,000, na hakuna nchi nyingine duniani iliyotufikia. Fedha hizo zilisaidia kujenga shule, barabara na hospitali, na kulipa mishahara ya makarani na walimu wa mwanzo. Makarani na walimu hao walistaafu wakapata haki yao. Aliyekata majani ya mkonge uliowalipa hakupata.

Tena msimsahau mke wa manamba. Mume alipokuwa Tanga miaka miwili, nani aliyelima hapa? Nani aliyewalisha watoto, akamzika baba mkwe, akailinda ng'ombe? Mwenye shamba la mkonge aliweza kumlipa mume ujira wa mtu asiye na familia kwa sababu familia ililishwa na jembe la mwanamke wa Buha. Kwa hiyo mama huyu naye alikuwa mfanyakazi wa mkonge, ijapokuwa hakuuona mkonge kwa macho yake.

Mfuko wa kwanza wa akiba ya wafanyakazi kwa watu wa namna hii, NPF, ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1964. Aliyemaliza mkataba wake 1955 au 1960 hakuukuta. Na NPF yenyewe ilikuwa ya kumlipa mtu mara moja akaenda zake. Ilibadilishwa kuwa NSSF, yenye pensheni ya kila mwezi, kwa sheria ya mwaka 1997. Hesabuni wenyewe. Kijana aliyekwenda mkonge mwaka 1958 akiwa na miaka 18 alizaliwa 1940. Wamebaki wachache, na wajane wao ni wengi kuliko wao.

Baadaye, mwaka 1972, ikaja Operesheni Kigoma. Watu wakahama katika mashamba yao wakakaa vijijini, na madarasa mengi mnayoyaona leo yalianza kwa matofali waliyoyafyatua wao, kwa kujitolea. Hilo nalo halikuandikwa katika kipande cha mtu.

Kwa hiyo twasema wazee hawa wanadai, hawaombi. Wala fikira hii si mpya. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilitaja ni nani mwenye haki ya kutegemea kazi ya wenzake katika nchi ya wafanyakazi na wakulima: watoto wadogo, wazee wasiojiweza, walemavu, na wale ambao Serikali haijaweza kuwapa kazi. Halikusema wazee waliokuwa na mwajiri. Lilisema wazee. Mwaka 2003 Serikali ikatoa Sera ya Taifa ya Wazee, ikamtaja mzee kuwa mtu wa miaka 60 na zaidi, na ikaahidi atibiwe bure asipokuwa na uwezo. Ahadi ni njema. Lakini sera ni maneno ya nia, mtu hawezi kuipeleka mahakamani. Dirisha la wazee limeandikwa vizuri ukutani, na dawa isipokuwapo mzee huambiwa akainunue dukani. Ainunue kwa fedha gani?

Watu wa bara tunapenda kusema jambo hili haliwezekani. Basi tutazame ng'ambo ya maji, ndani ya Muungano wetu wenyewe. Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianza kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kila mwezi kutoka hazina yake, bila kumwuliza kama alichangia mfuko wo wote. Baadaye fedha hiyo iliongezwa hadi shilingi 50,000. Mvuvi anapata, mkulima wa karafuu anapata, mama aliyesuka ukili maisha yake yote anapata. Kenya mwaka 2018 ilianza kuwalipa wazee wote wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Uganda ilianza katika wilaya chache, kisha ikaeneza nchi nzima malipo ya shilingi 25,000 za kwao, ila kwa wenye miaka 80 na zaidi. Umri huo sisi twauona ni wa kumsubiri mtu afe kwanza. Hata hivyo wameanza.

Wasema Serikali haina fedha. Sisi hatusemi hazina ni kisima kisichokauka. Lakini sensa ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba wenye miaka 60 na zaidi ni chini ya sita katika kila watu mia, na wa miaka 70 ni pungufu zaidi. Chukueni kijiji chenye wazee 40 wa miaka 70. Kila mmoja akipewa 20,000, ni shilingi 800,000 kwa mwezi. Fedha hiyo haiendi benki ya Ulaya. Inaishia duka la kijijini, kwa chumvi, sabuni, jembe na daftari la mtoto, na kwa kijana anayelipwa kulima shamba la bibi. Ni fedha inayozunguka hapa hapa.

Wengine wanatuambia mkulima na ajiunge na NSSF kwa hiari, mlango uko wazi. Ni kweli uko wazi, na kijana mwenye bodaboda tunamshauri aingie leo. Lakini miezi 180 ni miaka 15. Mwambieni bibi wa miaka 72 aanze kuchangia sasa. Atamaliza akiwa na miaka 87.

Neno jingine tunaloambiwa, tena na watu wenye heshima zao, ni kwamba Mwafrika humtunza mzee wake nyumbani, basi pensheni ni desturi ya Wazungu. Hapa ndipo tunapofika kwa watu wetu wa namna ya pili, kwa maana tunapenda kuuliza: huyo Mwafrika anayemtunza mzee ni nani? Mara nyingi si mwenye kusema maneno hayo. Ni binti yake au mke wa mwanawe, na siku hizi mara nyingi ni mzee mwenzake.

Mtu akipooza upande mmoja, lazima ageuzwe kitandani, aoshwe, alishwe, apelekwe chooni, usiku na mchana, pengine miaka mitano. Akilazwa hospitali haendi peke yake. Yuko mtu wa kumuuguza, analala chini ya kitanda au barazani, anapika nje kwa kuni za kununua. Kazi hiyo ingefanywa na mtu wa kuajiriwa tungemwita muuguzi, angepewa mshahara na likizo, na mwishoni pensheni. Akiifanya mama wa nyumbani twasema anakaa tu. Na pale mama anapozidiwa, msichana wa darasa la sita hubakishwa nyumbani kumsaidia. Sisi walimu humwandika mtoro. Huyo hakutoroka shule, yuko kazini.

Jirani zetu wa Kagera wametuonyesha njia. Huko Nshamba, wilaya ya Muleba, ambako UKIMWI uliwachukua wazazi wengi na kuwaachia bibi wajukuu, shirika liitwalo Kwa Wazee lilianza mwaka 2003 kuwapa wazee pensheni ndogo ya kila mwezi, na bibi mwenye kulea wajukuu akaongezewa kwa ajili ya watoto. Uchunguzi wa kazi hiyo ulichapishwa mwaka 2008, na jina lake lilitokana na vitu vyenyewe: chumvi, sabuni na viatu vya shule. Hakuna pombe katika jina hilo. Tunalisema kwa ajili ya wale wanaohofu kwamba mzee akipewa fedha ataipeleka kilabuni.

Wala hatudai kila anayekoroga uji alipwe mshahara na Serikali; tutakuwa tunacheza. Tunadai mambo mawili. Pensheni ya mzee iwe na nyongeza kwa kila yatima anayemlea. Na mwenye kumuuguza mtu asiyeweza kunyanyuka aandikwe katika mpango wa TASAF wa kaya maskini kwa haki ya kazi yake hiyo. Kwa sasa mpango huo unataka wenye nguvu wafanye kazi za kijamii, kuchimba mtaro au kupanda miti, ndipo walipwe. Anayeuguza ana mikono yenye nguvu, kwa hiyo huhesabiwa kuwa aweza kazi. Kweli aweza, lakini mikono imeshikwa.

Sasa walinzi. Sungusungu walitoka Usukuma na Unyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati wa wizi wa ng'ombe, na mwaka 1989 sheria ya Bunge ikawatambua. Hapa kwetu kazi yao ilikuwa ngumu kupita kwingine. Oktoba 1993 Rais Ndadaye aliuawa Bujumbura, na mamia ya maelfu ya watu wakavuka mpaka. Mwaka 1996 wakaja Wakongo, ikafunguliwa kambi ya Nyarugusu. Mwaka 2015 Warundi wakaja tena, na kambi ya Nduta ikafunguliwa upya. Tuseme haki: mkimbizi hakuwa adui yetu. Wengi walilima nasi na kuuza nasi sokoni Makere. Lakini bunduki za vita zilivuka pamoja na watu waliozikimbia, na wapo wenyeji wetu walioshirikiana na majambazi. Mnakumbuka basi la kutoka Kasulu kwenda Kibondo lilivyosafiri na askari wenye silaha ndani. Mwaka 1998 Umoja wa Mataifa, kwa shirika lake la wakimbizi, ulikubali kugharimia polisi wa makambini. Kijiji kilicho nje ya kambi kililindwa na nani? Na kijana mwenye rungu, tochi na filimbi.

Kijana huyo akipigwa risasi au panga, jirani huchanga fedha za matibabu. Akifa, huchanga sanda na jeneza, na mjane hubaki na shukrani za kijiji. Ipo sheria ya fidia kwa wafanyakazi ya mwaka 2008, na mfuko wake, WCF, hulipa mtu aumiapo kazini. Lakini sheria hiyo huuliza: mwajiri wako ni nani? Sungusungu atajibu kijiji, na kijiji hakimchangii mtu.

Tunadai kila mlinzi wa zamu aandikwe na halmashauri, ili akiumia atibiwe, na akifa familia yake ilipwe. Na kuandikwa huko kuna upande wa pili, tuliseme bila kuficha. Wapo sungusungu wanaopiga watu, wanaotoza faini wakazila wenyewe, wanaomaliza ugomvi wao wa mashamba kwa kisingizio cha lindo. Mtu aliyeandikwa hujulikana, na anayejulikana hushitakiwa. Asiyetaka sharti hilo asiombe fidia.

Limebaki jambo la vitambulisho, na kwa watu wa mpakani ni zito. Kiha na Kirundi ni lugha jirani, koo zimeoana tangu zamani za Wami, na mzee wa Mabamba akienda kuomba kitambulisho huulizwa babu yake alizaliwa kilima gani. Pensheni ikija kesho, itatolewa kwa kitambulisho, na mzee aliyelipa kodi ya mkoloni atarudishwa kwa kukosa karatasi. Ndiyo sababu hatungoji. Ushahidi wa wazee wa kijiji uandikwe sasa, wakiwa hai. Umri nao usitupe shida. Asiyejua mwaka aliozaliwa aulizwe: wakati wa Uhuru ulikuwa nani? Aliyekuwa na mke au mume Desemba 1961 amepita miaka 75 bila ubishi. Wakati wa Operesheni 1972 ulikuwa na watoto wangapi? Hayo yatosha kumweka mtu mahali pake.

Basi, kila tawi litapata daftari tatu. La kwanza ni la wazee: jina, kijiji, umri kwa njia tuliyosema, kazi alizofanya, na kama alikwenda mkonge, shamba gani. Mwenye kipande cha zamani au karatasi ya Silabu aionyeshe, inakiliwe, arudishiwe hapo hapo, asinyang'anywe. La pili ni la wanaouguza na wanaolea yatima. La tatu ni la walinzi, na ndani yake waandikwe waliojeruhiwa na waliokufa wakiwa zamu, pamoja na mwaka. Mjane aandikwe kwa jina lake mwenyewe, siyo "mke wa marehemu fulani".

Asiulizwe mtu chama chake wala dini yake. Asitozwe mtu hata senti kumi kwa kuandikwa. Mwandishi akiomba chai, jina lake lije kwetu kabla ya daftari. Mzee asiyeweza kutembea afuatwe nyumbani. Walimu walio likizo wamekubali kusaidia, na wa Kasulu wamekwisha kugawana kata.

Daftari zikijaa zitafanywa nakala mbili, moja kwa mkurugenzi wa halmashauri, moja kwa mbunge, na asili ibaki tawini. Matawi ya Kibondo yaanze na Mabamba na vijiji vya mpakani, ya Kasulu yaanze na Makere, kwa sababu mvua zikishika njia za huko hufungwa na gari la Chama halipiti.